GPS na Jua: Tuache Kuitupa Namba ya Tatu

Leo nataka tuongee kuhusu tabia moja ambayo sisi waandishi wa programu tunayo, tena tunayo kila siku, na ambayo inaweza kumponza mkulima asiyejua hata kama sisi tupo duniani.

Tabia yenyewe ni hii. Rununu ikiulizwa iko wapi, haitoi namba mbili. Hutoa tatu. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo, na ya tatu ni usahihi. Hiyo ya tatu ni simu yenyewe kukiri: "Nadhani niko hapa, lakini naweza kuwa nimekosea kwa mita kadhaa." Sisi tunachukua zile mbili za kwanza, tunaziweka kwenye hifadhidata, na ya tatu tunaitupa. Nimeshafungua hifadhidata ya mradi mmoja wa kusajili mashamba nikakuta safu mbili tu, maelfu ya mistari, kila namba na tarakimu zake saba baada ya nukta. Ukiitazama unaona kama kazi imefanywa kwa wembe. Lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia ni mistari ipi ya kuaminika na ipi si ya kuaminika.

Msimamo wangu ni kwamba hapa kwetu, chini ya anga la ikweta, kuitupa namba ya tatu ni uzembe wa kazi. Na sababu kubwa ya kusema "hapa kwetu" haiko ardhini. Iko juu, kati yetu na setilaiti, na anayeichochea ni Jua.

Safari ya ishara kutoka juu

Tuanze na mambo ya msingi, kwa wale ambao hawajawahi kuyafuatilia. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa kilomita kama 20,200 juu yetu. Kila moja ina saa ya atomiki, na kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani. Simu yako haitumi chochote huko juu. Inasikiliza, inapima ishara imechukua muda gani njiani, kisha inazidisha muda huo kwa mwendo wa mwanga ili kupata umbali. Ikisikia setilaiti nne, inaweza kukokotoa mahali ilipo na pia kuisahihisha saa yake yenyewe, ambayo ni ya bei nafuu.

Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwa hivyo ukikosea nanosekunde 100 tu, ambayo ni sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, umekosea mita 30. Hesabu nzima imesimama juu ya imani kwamba ishara imekuja kwa mwendo ule ule wa mwanga tangu mwanzo hadi mwisho. Imani hiyo ina walakini.

Kuanzia kilomita kama 60 kutoka ardhini na kuendelea hadi kilomita 1,000 na kitu, kuna tabaka linaloitwa ionosfia. Miale mikali ya Jua, ile ya urujuanimno na ya eksirei, huipiga hewa nyepesi ya huko na kuzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake. Ishara ya GPS ikipita katika elektroni hizo, huchelewa. Elektroni zikiwa nyingi, inachelewa zaidi. Wataalamu wana kipimo cha wingi huo, kinaitwa TECU, na kila TECU moja huifanya setilaiti ionekane iko mbali zaidi kwa sentimita kama 16, tukitumia masafa ya 1575.42 MHz ambayo simu nyingi hutumia.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Usiku ukiwa mtulivu, TECU zinaweza kuwa chache tu, na huna neno. Mchana wa miaka ambayo Jua limechachamaa, katika ukanda wetu zinaweza kupita 80. Mara sentimita 16, hiyo ni mita kama 13. Na hapo ni kwa setilaiti iliyo utosini. Ile iliyo karibu na upeo wa macho, ishara yake inalikata tabaka hilo kwa mshazari, na ucheleweshaji unaweza kukaribia mara tatu.

Tuwe wa haki: mita hizo zote hazigeuki kuwa kosa kwenye ramani. Kama setilaiti zote zingecheleweshwa sawasawa, hesabu ingelimeza kosa hilo kwa kudhani ni saa ya simu ndiyo mbovu. Shida inakuja pale setilaiti ya kaskazini inapocheleweshwa tofauti na ya kusini. Na hapo ndipo ikweta inapotutia mashakani.

Kwa nini sisi hasa

Watu wengi wakisikia habari za dhoruba za Jua huwaza nchi za baridi, zile zenye mianga ya rangi angani usiku. Ni kweli nako kuna shida. Lakini hata siku ambazo Jua limetulia, ionosfia nzito kuliko zote duniani iko katika ukanda wa ikweta, na hasa ikweta ya sumaku.

Ikweta ya sumaku si ile inayopita Nanyuki na Maseno. Katika upande wetu wa Afrika iko kaskazini zaidi, inapita Ethiopia. Mchana, umeme na sumaku vya dunia hushirikiana kuziinua elektroni juu ya mstari huo, kama chemchemi inavyorusha maji, kisha zinateremka pande zote mbili na kurundikana katika mafungu mawili: moja kaskazini, moja kusini, kila moja ikiwa digrii kama 15 kutoka kwenye ikweta ya sumaku. Fungu la kaskazini liko mbali na sisi. La kusini linaangukia pande za Tanzania. Sisi Kenya tuko katikati ya mteremko. Setilaiti ukiitazama upande wa Mandera na nyingine ukiitazama upande wa Arusha, unazitazama kupitia ionosfia mbili tofauti.

"Lakini si GPS ina njia ya kusahihisha?" Ndiyo, inayo. Setilaiti hutangaza namba nane ambazo simu huziingiza kwenye modeli iliyobuniwa na Mmarekani John Klobuchar, ili kukisia ucheleweshaji. Ni kazi ya kijanja sana, kwa sababu ilitengenezwa enzi ambazo vipokezi vilikuwa na uwezo mdogo wa kukokotoa. Namba nane kwa dunia nzima! Lakini lengo lake lilikuwa kupunguza kosa kwa takriban nusu, si kulimaliza. Na ukiifungua ndani utaona mambo mawili. Inadhani kilele cha ucheleweshaji ni saa nane mchana, kila mahali. Na inadhani kwamba usiku ucheleweshaji ni nanosekunde 5 tu, sawa na mita moja na nusu, kila mahali, usiku kucha. Tena yale mafungu mawili niliyoyaeleza hayawezi kuchorwa vizuri na modeli nyepesi kiasi hicho.

Usiku wa ikweta hauko hivyo. Usiku wa ikweta ndio wenye vituko.

Mapovu ya jioni

Mimina mafuta ya kupikia chini ya maji uone yatafanya nini. Yatapanda tu, hayana njia nyingine, kwa sababu kizito hakikai juu ya chepesi. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia hupoteza elektroni zake haraka, ilhali ya juu inabaki nzito. Hapo tayari kizito kimekalia chepesi. Katika ukanda wa ikweta ya sumaku, sehemu zile nyepesi huanza kupanda zikiwa kama mapovu, zinafika kimo cha mamia ya kilomita, na kujinyoosha kaskazini na kusini kufuata mistari ya sumaku ya dunia. Zikijinyoosha, zinatufikia.

Ishara ikipita kwenye kingo za mapovu hayo humetameta, kama nyota zinavyometameta ukizitazama usiku. Inapanda na kushuka kwa nguvu mara kadhaa kwa sekunde. Kipokezi kinajaribu kuishika, kinashindwa, kinaiachia. Setilaiti moja ikipotea si hoja. Zikipotea tatu za upande mmoja wa anga, zinazobaki zimekaa upande mmoja, na hesabu ya mahali ulipo inayumba.

Mambo haya hutokea hasa baada ya saa moja jioni na kuendelea hadi karibu na saa sita usiku. Kwa upande wetu wa dunia, misimu yake mikubwa ni karibu na Machi na karibu na Septemba, yaani majira ambayo Jua liko juu ya ikweta. Na sasa nisikilize vizuri: hayahitaji dhoruba. Siku ambayo vituo vya Ulaya na Marekani vinatangaza kwamba Jua limetulia kabisa, jioni yetu inaweza kuchafuka. Tena wakati mwingine dhoruba yenyewe huzuia mapovu yasitokee. Ukitegemea tahadhari zilizotengenezwa kwa ajili ya wengine, utaogopa siku isiyo na shida na kulala usingizi siku yenye shida.

Dhoruba nazo zipo

Sisemi dhoruba si kitu. Mwishoni mwa Oktoba 2003 Jua lilitupiga dhoruba kali mfululizo. Wakati huo Marekani ilikuwa imezindua mfumo wake wa WAAS, unaosahihisha GPS kwa ajili ya ndege, miezi mitatu tu kabla, Julai. Huduma ya kuongoza ndege kwa kimo ikakatika kwa saa 15 tarehe 29 na saa 11 nyingine tarehe 30.

Tarehe 6 Desemba 2006, Jua lilifanya jambo lingine. Lilipiga mlipuko wa mawimbi ya redio katika masafa yale yale ya GPS, kama mtu anayepiga kelele sikioni mwako wakati unajaribu kusikiliza mnong'ono. Vipokezi vingi vilivyokuwa upande wa mchana wa dunia vikapoteza setilaiti zao. Na huo ulikuwa mwaka ambao Jua lilikuwa linaelekea kwenye utulivu wake.

Halafu Mei 2024. Dhoruba iliyoanza tarehe 10 ilifika daraja la G5, la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ile ya 2003. Huko Marekani ilikuwa msimu wa kupanda mahindi. Matrekta ya siku hizi hujiendesha kwa GPS ya sentimita chache, na wakulima wengi walilazimika kusimama wakati wa kazi, kwa sababu trekta haikujua tena mstari uko wapi. Ona hapo: mkulima alisimama kwa sababu mashine yake ilimwambia kwamba haina hakika. Hiyo ni mashine yenye adabu.

Mzunguko wa Jua huchukua miaka kama 11, na kilele cha huu wa sasa kilikuwa 2024. Msidhani basi yamekwisha. Dhoruba za 2003 zilikuja takriban miaka miwili baada ya kilele cha wakati huo.

Sasa turudi kwa mkulima

Kwa nini nayasema haya yote? Kwa sababu mahali alipo mtu pamekuwa ushahidi.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao na bidhaa nyingine kadhaa zisiingie huko kama zimelimwa kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya 2020. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imesogezwa mbele, lakini sheria yenyewe inadai kila shamba liwe na latitudo na longitudo. Tena inataja tarakimu: zisipungue sita baada ya nukta. Hapa kwenye ikweta, tarakimu ya sita ni sentimita 11. Shamba likizidi hekta 4, unatakiwa kuchora mipaka yake yote. Likiwa dogo, nukta moja inatosha.

Sasa fikiria mashamba yetu ya kahawa ya Murang'a na Nyeri. Mengi ni vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Shamba la nusu ekari, kama lingekuwa mraba, lina mita 45 kila upande. Lakini kipande chenye upana wa mita 20, ukisimama katikati yake, una mita 10 tu kila upande kabla hujaingia kwa jirani. Simu ya kawaida, mchana wa jua kali, chini ya miti, ionosfia ikiwa imevimba na modeli imepunguza nusu tu, inaweza kabisa kukosea mita 10. Jirani akiwa ni mkulima mwenzako, mmebadilishana mashamba kwenye hifadhidata. Jirani akiwa ni msitu wa serikali, umekuwa mharibifu wa misitu bila kushika panga.

Na mwenye kosa ataonekana nani? Mkulima. Programu inaonyesha tarakimu sita, tena safi, hazina doa. Mama wa watu atabishana vipi na tarakimu sita? Ile namba ya tatu ambayo ingemtetea, ile iliyosema "naweza kuwa nimekosea kwa mita 14," sisi tuliitupa siku ile ile ilipokusanywa, kwa sababu haikuwa na safu yake.

Tarakimu nyingi si usahihi. Mtu akikuambia Mombasa iko mbali "kilomita mia tano hivi," amekuambia ukweli. Akikuambia iko kilomita 512.483926 bila kusema alipima kutoka wapi, amekuficha ukweli kwa kutumia namba.

Si shamba peke yake. Kuna bodaboda anayekatwa malipo kwa sababu programu inasema hakufika mlangoni kwa mteja. Kuna dereva anayetuhumiwa kwamba gari lilitoka nje ya mpaka alioruhusiwa saa mbili usiku. Saa mbili usiku, mwezi wa tatu! Kabla hujamwita ofisini, tazama kwanza kama gari lenyewe liliruka mita 60 kando na kurudi ndani ya sekunde mbili. Magari hayaruki.

Pingamizi ninazozijua

Kuna watakaosema, "Simu za siku hizi zinasikia GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwa pamoja, kwa hivyo tatizo limekwisha." Halijaisha. Wingi wa setilaiti unasaidia sana mapovu yanapokula chache, kwani zinabaki nyingine. Lakini zote hupita katika ionosfia ile ile, na masafa yao makuu yamekaribiana.

Wengine watasema dawa ni masafa mawili. Hapo nakubaliana nao. Ionosfia huchelewesha masafa ya chini zaidi kuliko ya juu, tena kwa kanuni inayojulikana, kwa hivyo kipokezi kinachosikia masafa mawili kinaweza kupima ucheleweshaji chenyewe badala ya kuukisia. Simu ya kwanza ya namna hiyo, Xiaomi Mi 8, ilitoka 2018. Lakini angalia simu zilizo mikononi mwa wanaosajili mashamba vijijini, ni ngapi zina uwezo huo? Tena masafa mawili hayazuii kumetameta. Ishara ikipotea imepotea.

Na wengine watasema, "Katikati ya Nairobi kosa kubwa ni la majengo, si la Jua." Kweli kabisa. Ishara ikigonga ghorofa na kurudi, kosa lake linaweza kuwa kubwa kuliko la ionosfia. Lakini hoja yangu haibadiliki. Chanzo kiwe ghorofa au Jua, namba ya tatu ndiyo inayokupa fununu, na umeitupa. Tofauti ni kwamba ghorofa unaliona kwa macho. Jua linakukosesha ukiwa uwanjani peupe, pale unapojiamini zaidi.

Tufanye nini

Kwanza, hifadhi namba ya tatu. Safu moja tu, haili nafasi. Hifadhi pia saa ya kipimo kwa UTC na idadi ya setilaiti ukiweza kuipata. Siku moja mtu atataka kujua kama kipimo kilichukuliwa mchana wa kilele au jioni ya mapovu, na utakuwa na jibu.

Pili, ijue maana yake. Kwenye Android, namba hiyo ni nusu ya kipenyo cha duara lenye uwezekano wa asilimia 68. Yaani kama mara moja kati ya tatu, uko nje ya duara! Kwenye kivinjari, kanuni za W3C zinadai asilimia 95. Kwenye iPhone, ikiwa hasi, mahali hapo si halali kabisa. Kuchanganya namba hizi kana kwamba ni kitu kimoja ni kosa lingine. Na kumbuka kwamba nayo ni makisio ya simu. Haijui kila kinachotokea huko juu. Ichukue kama shahidi, si hakimu.

Tatu, onyesha duara, usionyeshe nukta. Ukimchorea mtu nukta, ataamini nukta.

Nne, usimhukumu mtu kwa kipimo kimoja. Na usidhani kwamba kusimama hapo hapo dakika tano na kutafuta wastani kunatosha. Kosa la ionosfia hubadilika polepole, kwa hivyo vipimo vya dakika tano vitakosea vyote kuelekea upande mmoja, na wastani wao utakuwa kosa lililopambwa. Rudi saa nyingine, ikiwezekana asubuhi mapema. Ikiwa kuna mgogoro wa mpaka, mwite mpima ardhi mwenye vifaa vyake. Simu haikuumbwa kuamua mpaka.

Tano, fuatilia hali ya Jua. Kituo cha hali ya anga cha NOAA huko Marekani kinatoa data bure, tena kwa JSON ambayo programu yako inaweza kuisoma. Afrika Kusini nao, kupitia SANSA, wana kituo chao Hermanus. Tumia, lakini usisahau nilichosema juu ya jioni zetu: kipimo cha Kp kuwa chini si cheti cha usalama hapa.

Na la sita haliko mikononi mwetu peke yetu. Ulaya wana EGNOS, Marekani wana WAAS, mifumo inayopima ionosfia ya kwao na kutangaza masahihisho. Sisi hatuna mfumo wa namna hiyo unaohudumia anga la Kenya. India wako kwenye ukanda wa ikweta kama sisi, na walipotengeneza wao GAGAN hawakuchukua modeli ya Marekani na kuibandika. Walisambaza vituo vyao, wakaipima ionosfia yao, wakaandika modeli yao, na mwaka 2015 mfumo ukapata cheti cha kuongoza ndege zinapokaribia kutua. Huo ndio mfano wa kuiga.

Hatuanzi na mikono mitupu. Kuna vipokezi vya kisayansi Malindi na Kasarani ambavyo data zake huenda kwenye mtandao wa kimataifa. Tuna Shirika la Anga za Juu tangu 2017, na tulishangilia setilaiti ya Taifa-1 ilipopaa Aprili 2023. Nami nilishangilia. Lakini kipokezi cha masafa mawili juu ya paa la shule, kimoja kila kaunti, data zake wazi kwa yeyote anayetaka, kingetufaa kwa namna ambayo picha kutoka juu haiwezi. Hakitashangiliwa na mtu, wala hakitakatiwa utepe. Ila jioni ya Machi kingetuambia tusiamini nini.

Hayo ya kaunti yatachukua miaka. Lakini ile safu moja kwenye hifadhidata yako unaweza kuiongeza leo kabla ya chakula cha mchana, na hakuna haja ya kuomba idhini ya waziri.

Nimesema yangu. Kama kuna sababu ya maana ya kuendelea kuitupa namba ya tatu, bado sijaisikia.